Video inakwama kwenye Linux: pima kwanza, ndipo upige amri

Swali ni lile lile kila mara. "Nimeweka Ubuntu kwenye laptop, kila kitu kiko sawa, ila YouTube inakatakata." Mwingine picha imeganda lakini sauti inaendelea. Mwingine Netflix inamgomea kabisa. Na majibu wanayopewa yanafanana: mtu anabandikiwa amri kumi, anazipiga zote, video bado inakwama, na sasa kompyuta yake ina vitu kumi vipya ambavyo hajui vimebadilisha nini.

Mwongozo huu unaenda kinyume na hapo. Unaanza kwa vipimo viwili visivyogharimu chochote, kisha unarekebisha sehemu moja tu, ile yenye tatizo. Umeandikwa kwa ajili ya Ubuntu, Linux Mint na Debian. Watu wa Fedora nimewawekea maelezo yao mahali panapohitajika.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Nywila ya akaunti yenye ruhusa ya `sudo`, yaani ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.
- Simu janja inayoweza kuunganishwa kwenye Wi-Fi ile ile ya kompyuta.
- Bando la kutosha. Masasisho ya mfumo yanaweza kula mamia ya megabaiti, na yakikatikia njiani utakuwa na tatizo la pili juu ya lile la kwanza.
- Kivinjari cha Firefox. Chrome nayo inafaa, lakini kwenye Linux ni rahisi zaidi kuona Firefox inatumia nini, kwa hiyo tutaitumia hiyo kupima.
- Daftari, au faili tupu ya maandishi. Andika kila amri unayopiga. Usipoandika, hutaweza kurudi ulikotoka.

Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kwenye Ubuntu na Mint inafunguliwa kwa Ctrl+Alt+T. Ukiulizwa nywila baada ya `sudo`, herufi hazitaonekana unapoandika; kwenye Mint utaona nyota, kwingineko mara nyingi hata nyota hazitokei. Kibodi haijaharibika; andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Hatua ya 1: Cheza video ile ile kwenye simu

Unganisha simu kwenye Wi-Fi ya kompyuta, zima data ya simu, kisha fungua video ile ile kwa ubora ule ule. Kama kwenye kompyuta ni 720p, na simu iwe 720p. Watu wengi wanaruka sharti hili: simu inajichagulia 360p, inateleza vizuri, halafu lawama zote zinaiangukia Linux.

Kama unatumia intaneti ya simu yenyewe kwa hotspot, cheza video kwenye simu hiyo hiyo huku kompyuta ikiwa imetulia. Simu nayo ikikwama, tatizo ni mtandao, na hakuna amri ya `sudo` itakayoliondoa. Nenda hatua ya 3. Simu ikicheza vizuri, endelea hapa chini.

Hatua ya 2: Soma takwimu za video

Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote. Fungua video ya YouTube, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, chagua "Stats for nerds". Kitatokea kijisanduku cheusi chenye mistari mingi. Wewe angalia mitatu tu:

- Buffer Health: sekunde za video zilizokwisha kufika na kusubiri kuchezwa.
- Frames: idadi ya picha zilizodondoshwa, mfano `340 dropped of 2100`.
- Codecs: aina ya ubanaji wa video. Ikianza na `avc1` ni H.264, `vp09` ni VP9, `av01` ni AV1.

Iache video icheze dakika mbili bila kufungua ukurasa mwingine, kisha soma hivi:

Buffer Health ikishuka hadi karibu na sifuri na kile kiduara kikaanza kuzunguka, intaneti haileti video kwa kasi inayotakiwa. Hatua ya 3.

Buffer Health ikiwa imejaa, tuseme sekunde 30 au zaidi, lakini idadi ya picha zilizodondoshwa inapanda kila ukitazama, basi video imefika salama na kompyuta ndiyo inayoshindwa kuifumbua. Nenda hatua ya 4 hadi ya 7.

Video isipoanza kabisa, au ukurasa ukitoa ujumbe wa kosa, anza na hatua ya 4 na ya 5, kisha ruka hadi ya 8.

Watu wengi wanaolalamikia mtandao wakikisoma kijisanduku hiki wanakuta sekunde 40 za video zimesubiri pale zikiwa kamili. Wangenunua bando kubwa zaidi bila faida yoyote.

Hatua ya 3: Kama ni mtandao

YouTube yenyewe inapendekeza kasi ya takribani Mbps 0.7 kwa 360p, 1.1 kwa 480p, 2.5 kwa 720p na 5 kwa 1080p. Pima kasi yako kwa ukurasa wowote wa kupimia, saa ile ile ambayo huwa unakwama. Kasi ya saa nne asubuhi si kasi ya saa mbili usiku.

Kasi ikitosha kwenye simu lakini kompyuta ikapata kidogo, chunguza namna Wi-Fi inavyobana umeme. Ubuntu na Mint huwasha kipengele cha kuilaza kadi ya Wi-Fi ili kuokoa betri, na kwenye baadhi ya kadi kinaleta mikatiko ya mara kwa mara. Kizime:

`sudo sed -i 's/wifi.powersave = 3/wifi.powersave = 2/' /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`

`sudo systemctl restart NetworkManager`

Wi-Fi itakatika kidogo na kurudi. Rudia hatua ya 2. Kama hakuna mabadiliko, rudisha 3 mahali pa 2 na uandike kwenye daftari kwamba hapo umeshapita.

Hatua ya 4: Tarehe na masasisho

Hili linawahusu sana wenye laptop zilizotumika, zile tunazonunua Kariakoo au katikati ya Nairobi zikiwa zimetoka Ulaya au Ghuba. Betri ndogo ya saa, ile ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, mara nyingi imekufa. Ukizima kompyuta na kuchomoa chaja, tarehe inarudi miaka kadhaa nyuma, na kurasa salama zote zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Angalia:

`timedatectl`

Tarehe ikiwa si sahihi:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

`sudo timedatectl set-ntp true`

Weka jina la jiji lako: Africa/Nairobi, Africa/Kampala, Asia/Muscat na kadhalika. Tatizo likirudi kila asubuhi, badilisha betri hiyo. Mara nyingi ni CR2032, na kwenye laptop nyingi huja na waya mdogo, kwa hiyo fungua kwanza uione kabla ya kununua.

Kisha sasisha mfumo:

`sudo apt update && sudo apt upgrade`

Ukikutana na ujumbe `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, maana yake programu nyingine inasasisha kwa wakati huo. Subiri imalize. Usifute faili hiyo ya lock, hata kama umeona mtu akiagiza hivyo. Ukiifuta katikati ya usakinishaji unaweza kubaki na programu zilizowekwa nusu.

Washa kompyuta upya, kisha rudia hatua ya 2.

Hatua ya 5: Weka kodeki (programu za kufumbua video)

Ubuntu:

`sudo apt install ubuntu-restricted-extras`

Linux Mint:

`sudo apt install mint-meta-codecs`

Usakinishaji unaweza kusimama kwenye skrini yenye mkataba mrefu wa fonti za Microsoft na neno `<Ok>` chini. Kipanya hakifanyi kazi hapo. Bonyeza Tab mpaka `<Ok>` iwe na rangi, kisha Enter. Itakuja skrini ya pili, chagua `<Yes>` kwa njia ile ile. Wengi wakifika hapa wanafunga dirisha wakidhani kompyuta imeganda, kisha wanakutana na lile kosa la lock.

Fedora kwa sababu za kisheria huja bila baadhi ya kodeki. Washa hazina ya RPM Fusion (ghala la programu za ziada) kwa kufuata maelekezo yaliyo kwenye tovuti yao, kisha:

`sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing`

Onyo: ukikuta maelekezo yanayotaja Flash, yaache. Adobe ilisitisha Flash mwisho wa 2020, na maelekezo ya namna hiyo yamepitwa na wakati kwa kila kitu kingine pia. Vilevile, ukurasa wa mechi ukikuambia upakue "player" au kiendelezi fulani ndipo uone mpira, funga ukurasa huo. Ukishamaliza hatua hii, hakuna ukurasa halali utakaohitaji kodeki kutoka kwake.

Hatua ya 6: Jua kadi yako ya picha inaweza nini

Hapa ndipo kwenye kiini cha malalamiko mengi, kwa hiyo tulia kidogo.

Video inasafiri ikiwa imebanwa, na lazima ifumbuliwe picha kwa picha. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kadi ya picha, ambayo ina sehemu maalumu ya kazi hiyo na haitumii nguvu nyingi, au na prosesa, ambayo itaifanya kwa kutokwa jasho. Ila kila kadi inajua aina zile tu zilizokuwepo ilipotengenezwa. Kwa kadi za ndani za Intel, zile za kizazi cha 2 hadi cha 4 zinafumbua H.264 lakini si VP9. VP9 inapatikana kikamilifu kuanzia kizazi cha 7, na AV1 kuanzia cha 11.

Chukua HP EliteBook 840 G1, laptop iliyojaa madukani. Ndani ina prosesa kama i5-4300U, kizazi cha 4. YouTube ikiipelekea VP9 au AV1, kadi ya picha inakaa bila kazi na prosesa inabeba mzigo wote peke yake. Feni inapiga kelele, picha zinadondoka. Video hiyo hiyo ikija kwa H.264, mashine ile ile inaicheza bila shida. Laptop si mbovu. Inapelekewa kitu isichokijua.

Tazama kadi uliyonayo:

`lspci -k | grep -A 3 -i vga`

Halafu:

`sudo apt install vainfo va-driver-all`

`vainfo`

Unatafuta mistari inayoishia na `VAEntrypointVLD`, kwa maana hiyo ndiyo alama ya kufumbua. `VAProfileH264High` ni H.264, `VAProfileVP9Profile0` ni VP9, `VAProfileAV1Profile0` ni AV1. Mstari unaoishia na `EncSlice` ni wa kubana, usikuchanganye. Andika kwenye daftari ni zipi unazo.

Ukipata `vaInitialize failed`, kadi haijapata draiva (programu inayoiendesha) inayofaa. Intel ya kizazi cha 5 na kuendelea inatumia `intel-media-va-driver`, za zamani zaidi zinatumia `i965-va-driver`, na AMD inatumia `mesa-va-drivers`. Sakinisha ile moja inayokuhusu, washa upya, jaribu tena.

Wenye Nvidia: kama laptop ina Intel na Nvidia kwa pamoja, iache Intel ifanye kazi ya video, inatosha kabisa. Kama ni Nvidia peke yake kwenye Ubuntu, piga `sudo ubuntu-drivers install`. Baada ya kuwasha upya unaweza kukutana na skrini ya bluu ya "MOK management". Chagua "Enroll MOK" na uandike nywila uliyoiweka wakati wa kusakinisha. Ukiipita skrini hiyo, draiva haitapakiwa na utabaki pale pale.

Hatua ya 7: Linganisha kivinjari na kadi

Kwenye Firefox andika `about:support` mahali pa anwani. Shuka hadi sehemu ya "Graphics", mstari wa "Compositing". Ikiwa ni `WebRender` peke yake, vizuri. Ikiwa ni `WebRender (Software)`, Firefox haitumii kadi ya picha hata kidogo. Shuka zaidi hadi sehemu ya "Media". Kuna jedwali linaloonyesha kila kodeki na kama inafumbuliwa na kadi au na prosesa.

Linganisha jedwali hilo na ulichoandika kutoka `vainfo`. Kama `vainfo` inasema H.264 ipo lakini Firefox inasema haipo, nenda `about:config`, kubali onyo, tafuta `media.hardware-video-decoding.force-enabled`, iweke `true`, funga Firefox kabisa na uifungue tena. Picha zikianza kuharibika au Firefox ikijifunga yenyewe, irudishe `false`.

Kama kadi yako ina H.264 tu, sakinisha kiendelezi cha enhanced-h264ify kutoka kwenye ukurasa wa viendelezi wa Firefox. Kwenye mipangilio yake zuia VP8, VP9 na AV1, na uzuie pia video za picha 60 kwa sekunde kama mashine ni dhaifu. Rudi hatua ya 2: mstari wa Codecs sasa uanze na `avc1`, na idadi ya picha zinazodondoka isimame.

Fahamu kwamba kwa H.264 YouTube haivuki 1080p. Kwa laptop yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768 hujapoteza kitu, kwa sababu hata 1080p yenyewe inapunguzwa ili itoshee. Kwenye skrini ya namna hiyo weka 720p na uiache hapo. Utaokoa bando pia.

Hatua ya 8: Netflix, Prime Video na huduma nyingine za kulipia

Hizi zinatumia kufuli la kuzuia video zisinakiliwe, liitwalo Widevine, na kivinjari kisicho nalo hakichezi kitu. Kwenye Firefox ingia Settings, sehemu ya General, weka tiki kwenye "Play DRM-controlled content". Firefox itajipakulia Widevine yenyewe. Ipe dakika chache. Hakikisha kwa kufungua `about:addons`, sehemu ya "Plugins".

Chrome inakuja nayo. Chromium inayotoka kwenye hazina za Debian haina, na hilo ndilo jibu kwa wengi wanaouliza kwa nini YouTube inacheza kwenye Chromium lakini Netflix inakataa. Kwenye Raspberry Pi OS sakinisha `libwidevinecdm0`.

Ukiwa na VPN, izime kwanza ujaribu. Na usishangae ubora ukiwa chini kuliko ule wa simu au runinga: kwenye Linux Widevine inafanya kazi kwa kiwango chake cha chini cha ulinzi, na huduma nyingi zinapunguza ubora kwa sababu hiyo. Hakuna amri inayobadilisha hilo.

Bado kuna shida?

*Video inaanza vizuri, inakwama baada ya dakika ishirini hivi.* Huo ni moto. Sakinisha `lm-sensors`, kisha piga `sensors` mwanzoni na pale inapokwama. Nyuzi joto zikiwa zinakaribia 90 au zaidi, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Safisha vumbi la feni, badilisha ile pesti ya joto juu ya prosesa, na acha kuweka laptop juu ya godoro.

*Inakwama ikiwa kwenye betri tu.* Piga `powerprofilesctl get`. Ikijibu `power-saver`, andika `powerprofilesctl set balanced`.

*Kila kitu kinakuwa kizito, hata kipanya.* Piga `free -h` uone safu ya `available`. Kwenye mashine ya GB 4 yenye kurasa nyingi zilizofunguliwa, kumbukumbu imeisha na mfumo unaandika kwenye diski. Funga kurasa. Suluhisho la kudumu ni kuongeza RAM, na kwenye laptop hizi za zamani ni kazi ya bisibisi moja.

*Picha ipo, sauti hakuna.* Anzisha upya mfumo wa sauti, bila `sudo`:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Amri hii ni ya mifumo yenye PipeWire, ambayo ndiyo ya kawaida kuanzia Ubuntu 22.10 na Fedora 34. Ukiwa na Ubuntu 22.04, piga `systemctl --user restart pulseaudio`. Kama umeunganisha runinga kwa HDMI na sauti inatoka kwenye laptop, nenda kwenye mipangilio ya sauti uchague HDMI kwenye "Output".

*Picha inakatika kwa mstari wa mlalo watu wanapokimbia.* Piga `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu `x11`, toka kwenye akaunti, na pale pa kuingizia nywila bofya alama ya gia, chagua Wayland. Jaribu tena.

*Kiungo cha kituo kinachoishia na m3u8 hakifunguki kwenye kivinjari.* Sakinisha mpv, programu ya kuchezea video, na uweke anwani ndani ya alama za kunukuu:

`mpv --hwdec=auto-safe 'anwani-ya-kituo'`

Alama hizo si mapambo. Anwani nyingi zina alama `&`, na bila kunukuu terminali itaikata anwani hapo hapo. Video ikicheza, bonyeza herufi kubwa I uone kama mpv inatumia kadi ya picha.

*Umepita kote na bado.* Sakinisha `inxi`, piga `inxi -Fxz`, na uambatishe matokeo yake unapoomba msaada. Herufi z inaficha anwani za kadi zako za mtandao na namba za vifaa. Ongeza matokeo ya `vainfo`, mistari mitatu ya hatua ya 2, na orodha ya amri zote ulizoandika kwenye daftari.